Samaki uliyemwachia huenda amekufa: wavuvi wa michezo, tutazame tunavyowashika

Mshipi Mrefu

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aje kuusoma usiku.

Kaskazi imeshika, boti za Watamu, Malindi na Kilifi zinatoka kila alfajiri kutafuta sulisuli, yule samaki wa mdomo mrefu kama mkuki na tanga mgongoni, na picha zimeanza kumiminika mitandaoni kama kila msimu. Nimezitazama nyingi na nimeumia. Maelezo chini ya picha ni yale yale, "ameachiwa salama". Kwenye picha yenyewe samaki kalazwa sakafuni jua la saa saba, mtu kamkalia karibu na mgongo, kachomeka vidole kwenye matamvua.

Kuna video moja inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Mwenye boti simtaji, maana shida si yake peke yake. Sulisuli anavutwa juu kwa ule mdomo wake mrefu, tumbo linakwaruza ukingo wa boti. Analazwa kwenye faiba kavu. Jamaa mmoja anapitisha mkono ndani ya matamvua amwinue kichwa kielekee kamera. Mwingine anavuta pezi la mgongoni, lile tanga lake, lisimame vizuri kwenye picha, na linachanika. Watu watatu wanapokezana, kila mmoja na simu yake. Muda wote huo milia ya buluu ubavuni inazimika huku unaona kwa macho, mpaka anabaki rangi moja ya shaba iliyofifia. Mwisho anasukumwa majini, mkia mbele, anazama kiubavuubavu, na boti nzima inapiga makofi.

Makofi ndiyo yaliyonifanya niandike. Wale watu hawana ukatili, wanaamini kabisa kwamba wametenda jema. Na kijana wa Kilifi au Tanga aliyenunua fimbo yake ya kwanza mwezi uliopita anatazama video hiyo na kujifunza kwamba hivyo ndivyo samaki anavyoachiwa.

Ni hivi. Samaki akipambana na mshipi kwa dakika ishirini, misuli imekula oksijeni aliyokuwa nayo na damu imejaa asidi. Anachohitaji wakati huo ni maji yapite kwenye matamvua, tena mengi kuliko siku zote. Matamvua ni majani membamba mno yanayojitandaza yakiwa ndani ya maji. Yakitoka hewani yanalaliana na kushikana, na kazi yake inasimama. Kwa hiyo tunamnyima pumzi wakati ule hasa anapoihitaji kuliko wakati wowote.

Hili limepimwa. Mwaka 1992 watafiti wa Kanada, Ferguson na Tufts, waliwachosha samaki aina ya trauti kwa kuwakimbiza tangini. Waliochoshwa bila kutolewa majini walikufa asilimia 12. Waliochoshwa kisha wakawekwa hewani sekunde 30, asilimia 38. Waliokaa hewani sekunde 60, asilimia 72. Trauti wa tangini si sulisuli wa bahari kuu, kwa hiyo tarakimu zile hazihami kama zilivyo, lakini mwelekeo ndio huo. Baadaye walipimwa nduaro (marlin) weupe wa Atlantiki, ambao ni ndugu wa karibu wa sulisuli wetu, kwa vifaa vya setilaiti. Waliovuliwa kwa ndoana za duara wakaachiwa bila kutoka majini walikufa chini ya 2 katika kila 100. Waliopandishwa wakakaa hewani kati ya dakika 1 na 5 walikufa takriban theluthi moja. Theluthi moja, wakuu.

Ndiyo maana sheria ya Marekani upande wa Atlantiki inasema samaki wa jamii hii ukiwa humchukui, usimtoe majini. Sisi hapa, kwenye boti nyingi, ni hiari ya nahodha.

Na kumshika vizuri hakuhitaji vifaa vya ajabu. Kazi inaanza kabla samaki hajala chambo. Tumia mshipi na rili yenye nguvu ya kutosha, maana anayejisifu kwa kumchezesha samaki mkubwa saa mbili kwa uzi mwembamba ameshammaliza kabla hajafika botini. Kwa chambo halisi tumia ndoana ya duara, ile ambayo ncha yake imepinda kuelekea ndani. Usiikwanyue kwa nguvu, zungusha rili taratibu na itajishika yenyewe pembeni mwa taya badala ya kooni. Mashindano ya nduaro na sulisuli upande wa Atlantiki huko Marekani yamelazimishwa kutumia ndoana hizo kwa chambo halisi tangu 2008. Ile ncha ndogo inayorudi nyuma, ibane kwa koleo mpaka ilale.

Samaki akifika ubavuni, nahodha aache injini kwenye gia ya mbele, polepole kabisa. Baharia avae glavu, ashike mdomo mrefu kwa mikono miwili, kichwa kikiwa ndani ya maji na kikitazama boti inakoenda. Maji yanaingia mdomoni na kutokea kwenye matamvua, hapo anapumua. Usimvute kinyumenyume hata kidogo. Ndoana ikiwa imeingia ndani sana usichokonoe, kata mshipi karibu nayo. Kisha subiri. Utaona rangi inarudi, halafu utahisi nguvu mkononi, anatikisa kichwa. Hapo mwachie. Wakati mwingine inachukua muda kiasi cha abiria kuanza kulalamika. Walalamike.

---

Kitoweo Kwanza

Mshipi Mrefu, nimesoma yote. Mimi ni mtoto wa Ngomeni, mzee wangu kavua kwa mshipi maisha yake yote. Kwetu samaki ni chakula. Mtu analipa pesa nyingi kumtesa samaki nusu saa, anapiga picha, anamrudisha. Anafaidika nani? Afadhali amuue, nyama igawiwe watu walioko ufukweni. Sulisuli wa moshi hapa pwani nani asiyemjua? Mnapofundishana kushika kwa upole samaki mliyemtoboa mdomo wenyewe, mimi naona mnajifariji tu.

---

Mshipi Mrefu

Kaka, hoja yako nzito na siipuuzi. Wala hamko peke yenu Ngomeni. Ujerumani sheria ya kulinda wanyama inataka mtu awe na sababu ya haki ya kumuumiza mnyama, na kuvua kwa nia ya kurudisha tu huko hakuhesabiwi sababu. Uswisi tangu 2009 ni marufuku kwenda kuvua ukiwa umekusudia tangu mwanzo kuachia. Hao ni watu waliofikiri kama wewe wakaandika sheria.

Mimi sipingi kula. Ninachopinga ni hii hali ya katikati, ambapo samaki haliwi na wala haponi. Kama unamla, amua kabla hajafika ubavuni, akipanda apigwe rungu moja la kichwa, akatwe matamvua damu itoke, aingie kwenye barafu. Hakuna cha kumwacha apapatike mpaka achoke. Kama unamrudisha, hatoki majini. Ile picha ya dakika nne juu ya sakafu inampotezea mzee wa Ngomeni kitoweo na inaipotezea bahari samaki wake, kwa pamoja.

Na akivuja damu nyingi kwenye matamvua, huyo mchukue. Kumrudisha ni kuwalisha papa.

Kuhusu nani anafaidika: Watamu pale kuna shirika liitwalo African Billfish Foundation, wanaowapa manahodha alama za kuchomeka samaki. Kila alama ina namba. Nahodha anajaza kadi, mahali, tarehe, makadirio ya ukubwa, na samaki yule akivuliwa tena popote namba inarudi, tunajua alikwenda wapi na amekua kiasi gani. Sasa fikiria mtu anachomeka alama, halafu anampandisha botini kwa picha, halafu anamrudisha akiwa mahututi. Ile kadi inaingia kwenye hesabu kama samaki hai. Tunajidanganya kwa maandishi.

---

Baharia wa Zamu

Mimi ni baharia, boti sitaitaja. Mshipi Mrefu unasema kweli lakini useme na upande wetu. Nahodha anajua, mimi najua. Asiyejua ni mgeni, na bakshishi inatoka kwa mgeni. Kaja mbali, kalipia siku nzima, kaona picha za watu wamekumbatia sulisuli kwenye tangazo la boti ile ile. Akisema mpandishe, nani wa kumwambia hapana? Nilishawahi kusita, nikaambiwa mbele ya watu nifanye kazi niliyoajiriwa. Nikampandisha.

Kwa hiyo msitulaumu sisi wa mwisho. Anayeweka picha kwenye tangazo ndiye anayeagiza.

---

Mshipi Mrefu

Baharia, asante, na pole. Hilo la tangazo ndilo hasa, wala sikuliweka wazi mwanzoni. Mgeni anaomba alichoonyeshwa. Boti ikiweka picha za samaki majini, mgeni ataomba hiyo.

---

Nahodha wa Mida

Naunga mkono. Mimi nina boti ndogo, na jambo hili nalimaliza kabla ya kung'oa nanga. Nawakalisha wageni, nawaambia: sulisuli na nduaro kwenye boti hii hawapandi, wanapigwa picha wakiwa ubavuni. Jodari, nguru na fulusi tutakula. Nani ana swali? Sijapata ugomvi. Ugomvi unakuja pale unapomkataza mtu ambaye damu imeshapanda na samaki yuko mbele yake.

Na picha yenyewe niwaambie siri. Samaki akiwa majini bado ana rangi zake, ile buluu ya umeme inayompendeza mtu. Mgeni anainama ukingoni, mkono mmoja mgongoni mwa samaki, baharia kashika mdomo, mpiga picha anasimama upande wa jua. Ukiwa na kamera isiyoingia maji, ifunge kwenye fimbo uizamishe kidogo, utapata tanga lote limefunguka. Linganisha na yule wa shaba kwenye sakafu. Wageni wangu wanaporudi kwao, hizo ndizo picha wanazotundika ukutani.

Jambo jingine: mpiga picha awe tayari kabla mshipi haujashikwa na baharia. Muda mwingi unapotea mtu akitafuta simu mfukoni.

---

Uzi Mwembamba

Mimi naona mnatisha watu. Nimeona samaki wengi wakipandishwa, wakirudishwa wanaondoka kasi. Samaki akiogelea si amepona?

---

Mshipi Mrefu

Mkuu, kuogelea ni mwanzo wa jibu tu. Wale nduaro niliowataja juu waliondoka, na walijulikana wamekufa kwa sababu walikuwa na vifaa mwilini vilivyotoa taarifa. Bila kifaa wangehesabiwa wazima.

Na kuna kifo kingine cha haraka zaidi. Bahamas walifuatilia samaki anayeitwa bonefish, anayeishi kwenye maji ya kina kifupi yenye mchanga. Wale walioachiwa wakiwa wameyumba, hawawezi kusimama wima, walikuwa na hatari zaidi ya mara sita ya kuliwa na papa au mzia kuliko walioachiwa wakiwa na mizani yao. Hakuna aliyeona kwenye boti, maana kila mtu alikuwa akitazama picha. Ukimwachia kolekole aliyelegea kwenye mkondo wa Mafia au wa kisiwa cha Latham, wewe unadhani papa wa pale hawajui sauti ya boti?

Halafu kuna kifo cha polepole. Ule utelezi kwenye ngozi yake unamkinga na vijidudu. Kitambaa kikavu, mikono mikavu, zulia la boti, mchanga wa ufukweni, vyote vinauondoa. Ukimgusa, mikono iwe imelowa. Wavuvi wa kolekole kutoka nchi kavu, nawaomba sana, msimburute mchangani. Ingieni majini mpaka magotini mkamshikie huko, mkono mmoja shina la mkia, mwingine chini ya kifua.

---

Wa Naivasha

Huku ziwani tunavua samaki aina ya bass wa kutoka Marekani walioletwa miaka ya 1920. Mtindo ni kumshika taya la chini kwa kidole gumba na kumning'iniza wima. Vibaya?

---

Mshipi Mrefu

Mdogo hana shida sana akining'inia sekunde chache. Mkubwa, uzito wote unalivuta taya na viungo vyake, na taya ndilo analolia. Mlaze usawa, mkono wa pili chini ya tumbo. Ila afadhali umfungue ndoana akiwa majini, bass ni samaki rahisi kwa hilo.

---

Binti Shimoni

Shikamooni nyote. Mimi sitoki na boti za sulisuli. Kaka yangu na mimi tunavusha wageni, tunavua chini, chewa na changu, mita 40 hivi. Wageni siku hizi wanataka kuwarudisha chewa wadogo, jambo ambalo nalipenda. Lakini hawashuki. Wanaelea tumbo juu, macho yametoka, na mdomoni kuna kitu kama puto. Wenzetu hulitoboa lile puto kwa ncha ya kisu. Ni sahihi?

---

Mzamiaji wa Mkondo

Marahaba dada. Hapana, msitoboe. Nazamia kwa kazi kwa hiyo hili nalijua mwilini.

Kila mita 10 za kina zinaongeza kanieneo, yaani mgandamizo, sawa na hewa yote iliyo juu yetu. Mita 40 samaki yuko chini ya kanieneo mara tano ya huku juu, na kibofu chake cha hewa kimezoea hivyo. Ukimvuta haraka, hewa ile inatanuka mara tano, haina pa kwenda. Inasukuma macho nje, inasukuma tumbo lake litokee mdomoni. Lile puto ni tumbo la chakula. Wakilitoboa wametoboa tumbo, hewa iliyombana bado iko ndani.

Dawa yake ni kumrudisha kina alikotoka. Hewa inasinyaa yenyewe, tumbo linarudi, macho yanarudi. Huko Marekani, Ghuba ya Meksiko, kuanzia 2022 boti zilizovua samaki wa miambani zililazimishwa kuwa na kifaa cha kuwashushia au sindano maalumu ya kutolea hewa. Sindano inataka mtu aliyefundishwa, achaneni nayo. Tumia kreti la soda. Ligeuze kichwa chini, funga kamba katikati ya kitako ambacho sasa kiko juu, kwenye pembe nne funga mawe au risasi za kutosha kulizamisha. Chewa anawekwa majini, kreti linamfunika kwa juu, linashuka naye. Anabaki ndani kwa sababu anaelea kulisukuma. Akifika chini na kupata uzito wake, anatoka mwenyewe kwa upande ulio wazi. Nimekuwa chini na kutazama hilo likitokea, anatulia kidogo halafu anatafuta mwamba.

Fanya haraka, dakika zile za kuelea juani ndizo zinazomuua. Na mkiona mahali pale kila chewa anatoka hivyo, chukueni mnaowahitaji kwa kula, mhame sehemu ya kina kifupi zaidi.

---

Binti Shimoni

Allah akubariki. Kumbe tumekuwa tukiwatoboa matumbo. Namwambia kaka leo leo.

---

Kitoweo Kwanza

Nimeendelea kusoma kimya kimya. Hili la chewa limenigusa, maana hao ndio tunaowala na wanaisha. Chewa mdogo akirudi akaishi, atazaa. Hapo tuko pamoja. La sulisuli bado nina neno langu, lakini walau Mshipi Mrefu umekubali kwamba kinachokufa kiliwe.

---

Uzi Mwembamba

Swali la mwisho kwangu. Mtu akipata nduaro mkubwa kweli, uzito ataujuaje bila kumpandisha kwenye mizani? Wageni wanaulizia kilo.

---

Mshipi Mrefu

Zile picha za zamani za samaki waliotundikwa kwa mkia gatini na kilo zimeandikwa kwa rangi ubavuni ndizo zilizotuzoesha kilo. Hata IGFA, wanaosimamia rekodi za dunia, tangu 2011 wana rekodi za urefu kwa samaki wanaopimwa kisha kurudishwa wazima. Sulisuli au nduaro, pima kutoka ncha ya taya la chini mpaka kwenye panda ya mkia, ule mdomo mrefu hauhesabiki. Chukua kamba laini yenye alama kila sentimita 10, ilaze juu ya maji sambamba na samaki akiwa ubavuni, baharia asome.

Akiwa ametulia na ukaweza kupitisha kamba kumzunguka pale alipo mnene zaidi, unapata na kilo za kukadiria: urefu mara mzingo mara mzingo tena, vyote kwa sentimita, gawa kwa 29,000. Mwenye urefu 250 na mzingo 110 anakuja kama kilo 104. Akianza kupapatika, achana na mzingo, urefu unatosha kumwambia mgeni.

Nahodha wa Mida, ukipata nafasi weka hapa zile picha za majini, ficha sura za wageni, wenye boti wengine wazione. Na aliye karibu na Shimoni mwenye kreti la soda lisilotumika, ampelekee Binti Shimoni.